Ziara ya vita vya bahari Amsterdam: mwongozaji kanikera mpaka leo

Jamani kabla hujabuku hii ziara ya kuongozwa pale Rijksmuseum, makumbusho ya taifa ya Waholanzi, kupitia hizi kampuni za mtandaoni, soma kwanza. Ilikuwa kipindi cha baridi, nimekwenda kumtembelea dada yangu, nikaona ziara ya vita vya Waholanzi na Waingereza baharini nikasema hii yangu, mi mtoto wa Pemba, nimekulia kwenye karafuu.

Mwanzo safi, siwezi kusema uongo. Pale wana ubao wa tezi, ule wa nyuma ya meli, wa Royal Charles, meli ya mfalme wa Uingereza, ambayo Waholanzi waliifuata mpaka ndani ya mto Medway huko huko Uingereza Juni 1667, wakaukata mnyororo uliozuia mto, wakaivuta mpaka kwao. Ukisimama chini yake unamuona simba na yule farasi wa pembe moja wamechongwa vile, mwili unasisimka wallahi.

Sasa mwongozaji anasifia ushindi tu, De Ruyter, yule amiri wa meli za Waholanzi, hivi De Ruyter vile. Nikamuuliza kwa adabu kabisa, mwezi mmoja baadae si ndo ukaja mkataba wa Breda wa kumaliza vita, Waholanzi wakabaki na kisiwa cha Run kule visiwa vya Banda, Indonesia ya leo, kwa ajili ya kungumanga na Waingereza wakabaki na Manhattan, je wenyeji wa Banda waliouliwa na Coen, gavana wa Waholanzi kule, 1621 mbona huwataji? Akatazama saa. Akasema hayo hayahusiani, kama nataka darasa niende chuo kikuu. Kanyanyua mwavuli wake huyo, kaenda chumba kingine, wawili kwenye kundi wakacheka.

Hayahusiani vipi?? Zile meli unadhani zilikuwa zinagombania maji ya chumvi? VOC, kampuni ya Waholanzi ya biashara ya Asia, iling'oa mikarafuu visiwa vingine kule kule Indonesia ili ibaki kisiwa cha Ambon na vya jirani yake tu na bei iwe mkononi mwao, mpaka Mfaransa Poivre akafanya mpango miche ikaibiwa ikapelekwa Mauritius mwaka 1770, na mbegu za huko ndo baadae zikaja Unguja na Pemba. Mikarafuu aliyopanda babu yangu imetokana na ugomvi huo huo, halafu mtu niliyemlipa euro zangu ananiambia hayahusiani!

Nilitaka kutoa nyota moja. Nikasema haya basi mbili, maana meli anazijua na sauti yake inasikika vizuri, na ule ubao peke yake unatosha nauli. Lakini ubao si wao, ni wa makumbusho, ukikata tiketi ya kawaida unauona bure bila kutukanwa, kwa hiyo mbili za nini? Nimewaandikia kulalamika, wamenijibu kwa kuponi ya punguzo la ziara ijayo, kuhusu swali langu hawajasema hata neno. Nimerudisha moja.