Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay: nyota nne kati ya tano

Nyie mnaoulizaga kama kuchora kunalipa au ni kupoteza muda, nendeni Oysterbay, Dar es Salaam, barabara ya Haile Selassie, pale Morogoro Stores, ulizeni kwa Tingatinga, wale wachoraji wa picha za wanyama zenye rangi kali, hata bodaboda wanapajua. Mi nilikuwa natafuta zawadi ya harusi nikaona nimbebe na mtoto wa dada yangu, kamaliza fomu foo, anachora balaa, na baba yake kila siku anamwimbia VETA umeme VETA umeme. Nikasema acha akaone watu wazima wanaokula kwa brashi.

Pale mchoraji yupo hapo hapo, makopo ya rangi miguuni, na anayekuuzia mara nyingi ndo huyo huyo aliyechora au mwenzake wa jirani. Ni chama cha ushirika, kipo tangu 1990, ila stori yenyewe ni ya zamani zaidi. Mzee Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora 1968 maeneo haya haya, darasa la sanaa hajawahi kukaa, akachukua vipande vya silingi bodi na rangi ya mafuta ile ya kupakia baiskeli maana ndo vilivyokuwepo, mkewe akawa anaziuza picha hapo Morogoro Stores, na wazungu wa Oysterbay wakija kununua mahitaji yao wanaziona. Yaani jamaa alimfuata mteja alipo. Kwa bahati mbaya 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafariki, lakini alishawafundisha ndugu zake na vijana kadhaa na hao ndo walioliendeleza jina mpaka leo.

Tulisimama kwa kaka mmoja alikuwa na pundamilia mkononi. Bakigraundi alishaipiga siku nyingine, juu njano inashuka taratibu mpaka rangi ya chungwa huoni zinapokutania, kwa sababu rangi ya mafuta haikauki haraka na ukiigusa mapema umeharibu, kwahiyo wanapiga bakigraundi kadhaa kwa mpigo, wanaanika, ndo wanaanza kuchora ya kwanza iliyokauka. Mistari anavuta kwa brashi nyembamba hiyo hata hapumui. Dogo akamuuliza, "Shikamoo kaka, unachora ngapi kwa siku?" Jamaa akacheka, "Marahaba, mdogo wangu uliza zinauzwa ngapi." Akamwelewesha vizuri kabisa, zile ndogo ndo zinanunua unga, zile kubwa ndo zinalipa ada, na masika watalii wakipungua unakula ulichoweka. Ndo maana ndogo zimejaa kila ukuta, mtalii anaitia kwenye begi anaondoka, na kubwa, maana siku hizi wanachora kwenye kitambaa, inatolewa kwenye fremu inakunjwa kama mkeka. Aisee hilo somo shemeji yangu angelisikia (shemeji kama unasoma hapa, mtoto yuko salama).

Bei ni maongezi. Kapicha kadogo ka ndege wawili tulimalizana elfu thelathini na wote tukaondoka tunacheka. Usishangae picha mbili saizi moja kupishana bei sana, angalia kazi iliyomo, simba mmoja kakaa katikati si sawa na soko zima lina watu, kuku, baiskeli na vidoti mpaka kwenye majani, hayo ni masaa ya mtu. Kuna duka moja la zawadi hotelini, jina naliacha, saizi hiyo hiyo bei karibu mara tatu na chini haina hata saini, nauliza nani kachora dada ananijibu "ni Tingatinga tu". Sasa huyo aliyechora kapata ngapi hapo?

Nyota moja nimeibania kwa sababu ya kurudia rudia. Twiga, tembo, Kilimanjaro, Wamasai wamejipanga mstari, ukisogea kwa wa pili twiga yule yule kabadilishwa rangi ya anga tu. Naelewa, mteja anataka twiga na njaa haina utani, ila sheria ya hakimiliki inalinda picha yako, mtindo wenyewe haulindi, kwahiyo yeyote anaweza kuiga na bei inazidi kushuka. Mchoraji mwingine, marehemu Mzee George Lilanga, ambaye yeye alitokea Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar, alikomaa na mashetani yake ya Kimakonde mpaka leo ukiona picha yake kwa mbali unajua ni ya nani, na hapo Tingatinga pia wapo wachache wa hivyo, wanaochora hospitali, foleni, waganga, ngoma za mtaani, tafuta hao kwanza kabla hujatoa hela kwa twiga.

Ya harusi niliagiza kwa mmoja wa hao. Nikatoa nusu, nusu nikamalizia siku ya kuchukua. Kachora daladala imejaa, majina ya maharusi kayaandika kwenye kioo cha nyuma pale wanapoandikaga misemo, na konda ananing'inia mlangoni kavaa suti. Bibi harusi kalia.

Dogo kaambiwa aende akajifunze kupiga bakigraundi, keshaenda. Na nyie mkiagiza ombeni siku za kutosha rangi ikauke kabisa kabla ya kukunjwa, na muhakikishe saini ipo chini kabla hamjamalizia hela.