Gesi ya kuchomelea bodi ya gari: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Bati la mlango, boneti au madigadi ya gari nyingi ndogo lina unene wa milimita 0.7 hadi 0.9 hivi. Ukikosea gesi hapo, bati hutoboka au hujikunja kwa joto, na fundi anabaki kugonga na kujaza pati siku nzima. Nazungumzia mashine ya MIG, inayosukuma waya yenyewe huku gesi ikikinga mshono na hewa, na waya wa chuma wa milimita 0.6, au 0.8 ukikosa huo.

1. Mchanganyiko wa argoni na kaboni dayoksaidi

Nunua huu ukiupata: argoni asilimia 75 hadi 80, iliyobaki kaboni dayoksaidi. Moto unatulia hata ukishusha volti, cheche ni chache, na mshono unalala chini, kwa hiyo grainda haifanyi kazi kubwa. Hapo ndipo faida ilipo, maana kila dakika ya grainda inalipasha joto na kulipunguza unene bati lililokwisha kuchoka. Upo pia mchanganyiko wenye kaboni asilimia 5 tu. Ni laini zaidi, ila kwa magari yetu yenye kutu na rangi za zamani nauamini zaidi ule wa kwanza, kwa sababu unashika vizuri hata bati lisipokuwa safi kabisa.

Bei ndiyo kikwazo. Argoni haifiki hata asilimia 1 ya hewa, na kuipata lazima hewa ipozwe hadi iwe kimiminika ndipo itenganishwe.

2. Kaboni dayoksaidi tupu

Hii kwetu inatoka ardhini: Kenya, Carbacid huivuna Kereita; Tanzania, TOL Gases huivuna Rungwe mkoani Mbeya. Ndiyo maana ni rahisi kuipata. Kazi nzuri inatoka, lakini moto wake ni mkali, unapenya sana na kurusha cheche, kwa hiyo funika vioo na viti. Usivute mshono mrefu. Piga doa moja, achia, hamia upande wa pili, na urudi pale palipopoa.

Ukienda kununua, usidanganyike na geji. Ndani ya mtungi mna kimiminika, na sindano husimama palepale hadi kimiminika kiishe, ndipo inashuka ghafla. Pima mtungi kwenye mizani, toa uzito mtupu uliogongwa shingoni. Kilo moja hutoa lita 540 hivi za gesi. Mtungi uliotolewa kwenye kizimamoto ukatae: mingi ina mrija unaofika chini, nao hupeleka kimiminika moja kwa moja kwenye regulata, kile kifaa cha kushusha shinikizo la gesi.

3. Argoni tupu

Kwa waya wa chuma, hapana. Moto unatangatanga na mshono unakaa juu ya bati bila kushika, hata kama kwa macho unapendeza. Inunue kama una mashine ya TIG (ya sindano ya tungsteni), unachomelea alumini, au unatumia waya wa shaba yenye silikoni. Waya huo huyeyuka karibu na nyuzi 1,000 za Selsiasi, wakati chuma kinataka karibu 1,500, kwa hiyo bati lenye zinki haliharibiki sana.

4. Waya usiohitaji gesi

Unafaa uani penye upepo, kwenye geti au chasi. Kwenye boneti una joto kupita kiasi na unaacha gamba la kugonga. Ukilazimika, kumbuka kubadilisha chanya na hasi kwenye mashine, bunduki unayoshika mkononi iwe hasi.

Kwa gesi yoyote utakayochukua, soma tarehe ya mwisho ya kupimwa iliyogongwa begani mwa mtungi, na upake povu la sabuni kwenye maungio ya regulata kabla ya kulipa. Kazini, lita 8 hadi 12 kwa dakika zinatosha. Ukiona vitundu kwenye mshono, zuia upepo kwanza kwa turubai au bati. Ukifungulia gesi kupita kiasi inavuruga hewa mdomoni mwa bunduki na vitundu vinazidi.