Uzoefu wangu na GPSDO ya kujitengenezea: 10 MHz inayosahihishwa na setilaiti

GPSDO ni osileta, yaani saketi inayotoa mawimbi ya masafa (mizunguko kwa sekunde) maalumu, inayosahihishwa na GPS. Yangu naitumia kama rejea ya kipima masafa na ya LNB (kipokezi kinachokaa kwenye dishi) ninayopokelea setilaiti ya redio ya ridhaa QO-100, ile ya nyuzi 26 mashariki inayoifunika Afrika yetu yote. Nianze na hukumu: usanifu wa GPSDO wa Lars Walenius unaoendeshwa na Arduino (bodi ndogo ya kompyuta) unastahili kila shilingi. Ila ubora wake wa mwisho hautoki kwenye kipokezi cha GPS. Unatoka kwenye osileta, na kwenye usafi wa volti inayoiongoza.

Kwa nini kujisumbua? LNB huzidisha 25 MHz yake, ambayo hapa hufuata rejea ya 10 MHz, mara 390 kupata 9750 MHz. Rejea yako ya 10 MHz ikikosea hezi 1, huko juu umekosea hezi 975, na sauti ya SSB (aina ya urushaji wa sauti redioni) haieleweki tena.

Wengi huuliza: si uchukue 10 MHz moja kwa moja kutoka kwenye moduli ya GPS? Nimejaribu, siipendekezi. Moduli niliyotumia ina saa ya ndani ya 48 MHz, na 48 haigawanyiki kwa 10. Inalazimika kugawa mara kwa 4, mara kwa 5, ili wastani uwe sahihi. Kipima masafa hakitaona kasoro, lakini redioni utasikia mkwaruzo. 8 MHz ni nafuu kwa sababu 48 inagawanyika kwa 6 bila baki, ingawa nayo huruka mara mojamoja.

Kwa hiyo osileta ya tanuri, OCXO, ambayo kristali yake hutunzwa kwenye joto lisilobadilika, haikwepeki. Natumia OSC5A2B02 ya volti 5, iliyotumika. Usiilehemu kabla ya kuipima. Iache kwenye umeme siku tatu mfululizo, kisha tafuta volti ya udhibiti inayoipa 10 MHz kamili. Volti hiyo ikiangukia katikati ya kiwango chake cha chini na cha juu, chukua. Ikiangukia ukingoni, rudisha kwa muuzaji, maana kristali huendelea kuzeeka na siku moja volti itagota mwisho. Pima pia masafa kwenye volti mbili tofauti ili ujue volti moja inasogeza hezi ngapi. Namba hiyo programu itaidai.

Saketi yenyewe ni ndogo. 74HC390 inagawa 10 MHz hadi 1 MHz, 74HC4046 inalinganisha mapigo hayo na pigo la kila sekunde la GPS, na tofauti ya muda inachaji kapasita ya 1 nF kupitia rezista ya kilo-ohm 3.9 na dayodi 1N5711. Nanosekunde 1000 zinaipandisha kapasita hadi karibu volti 1.1, ambayo ndiyo rejea ya ndani ya Arduino, hivyo hatua moja ya kusoma ni takriban nanosekunde moja. Kapasita iwe ya NP0, aina isiyoyumbishwa na joto. Ya X7R hubadilika na joto la chumba, nawe utadhani osileta ndiyo inayoyumba.

Volti ya udhibiti hutengenezwa na PWM (mapigo ya upana unaobadilika, yanayochujwa kuwa volti tulivu) mbili za biti 8 za Arduino, moja kupitia kilo-ohm 39 na nyingine kupitia mega-ohm 10, uwiano wa 1 kwa 256. Kwa volti 5 hatua moja ni mikrovolti 76. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwenye waya wa graundi. Osileta yangu ikiwa baridi hula karibu ampea 0.6, ikipata moto hushuka hadi 0.2. Waya wa pamoja wenye mili-ohm 10 tu unakupa badiliko la milivolti 4, yaani zaidi ya hatua 50. Kwa osileta inayosogea hezi 2 kwa volti, hiyo ni hezi 0.008, karibu hezi 8 kwenye LNB. Hata ukiwasha feni, tanuri linaongeza mkondo na masafa yanasogea. Dawa yake: graundi ya kichujio cha PWM iende na waya wake peke yake hadi kwenye pini ya graundi ya osileta, na umeme wa Arduino usitoke USB bali kwenye regyuleta tulivu. Funika osileta kwa sponji, weka vyote ndani ya boksi la alumini.

Antena ile ndogo ya sumaku nimeibandika juu ya bati la nyumba. Chini ya bati haifanyi kazi. Juu yake bati linaisaidia. Urefu wa kebo hausumbui masafa, kwa kuwa ucheleweshaji usiobadilika unagusa saa tu. Kinachosumbua ni upotevu: kebo nyembamba ya RG174 hula zaidi ya desibeli moja kwa mita.

Kwa moduli, NEO-M8T imenipendeza kuliko zile za kawaida kwa sababu inakubali kufungwa mahali pamoja na kukokotoa muda pekee. Hakikisha mpangilio unatumwa upya kila inapowaka, la sivyo betri yake ndogo ikiisha huenda ikarudi ilivyotoka kiwandani.

Muda wa kusahihisha, yaani muda ambao programu inachukua kuifuata GPS, anza na sekunde 100, osileta ikishatulia panda hadi 500 au zaidi. Pigo la GPS huchezacheza kama nanosekunde 20. Ukilifuata kila sekunde unaiharibu osileta nzuri. Huku kwetu karibu na ikweta, miezi ya Machi–Aprili na Septemba–Oktoba, ionosfera (tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme) huchafuka baada ya jua kuzama na mapigo hutawanyika zaidi. Usirekebishe chochote usiku huo, subiri asubuhi.

Umeme ukikatika, tanuri likapoa, osileta hairudi palepale ilipokuwa na inataka saa nyingi kutulia tena. Nimeiwekea betri ya volti 12, ampea-saa 7. Kwa wati moja na nusu hivi inazovuta kila kitu kikishapata moto, inavuka usiku mzima bila taabu.