Tahadhari kwa wakulima wa mboga Tabora: vifuko vya mayai ya vunjajungu vinavyouzwa ni vitupu

Ndugu wakulima, tahadharini na kijana anayepita kwenye bustani za pembezoni mwa mji wa Tabora akiwa na boksi la viatu, akiuza vifuko vya mayai ya vunjajungu anaodai ni wa Kichina na kwamba watamaliza vidukari na viwavijeshi. Nilinunua vifuko 12 kwa shilingi 3,000 kila kimoja, nikavifunga kwenye kabichi, nikasubiri wiki saba bila kuona kitu.

Nilipovipanga mezani na kuvilinganisha ndipo ulaghai ulipojidhihirisha. Kifuko cha vunjajungu wa Kichina ni kinene, cha mviringo, mfano wa povu lililokaukia kijitini, kikikaribia ukubwa wa mpira wa tenisi ya mezani, na huweza kutoa watoto zaidi ya 100. Vyangu havikufanana hata vyenyewe kwa vyenyewe: vingine vilikuwa vyembamba na vidogo kuliko pingili ya kidole, vimebandikwa ubavuni mwa vijiti, na vingine vilikuwa vile vya povu vya vunjajungu wetu mkubwa wa kijani, ambavyo mtu yeyote huvikuta bure kwenye ua wa minyaa.

Tena vilikuwa vimekwisha. Ukiona utepe wa katikati ya kifuko umefumuka na kuning'inia vijingozi kama nyuzi, watoto walishatoka. Ukiona vitundu vya duara ubavuni, basi nyigu wadogo wa vimelea waliyala mayai yakiwa ndani. Katika vifuko 12, nilivyovipasua vyote kwa wembe, sikupata yai hata moja.

Na hata vingekuwa hai, vunjajungu hachagui: hula nyuki, hulana wenyewe kwa wenyewe, na sisi huku tunategemea mizinga. Kama kweli ni wa kigeni, basi mwuzaji angepaswa kuwa na kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, nacho hakuwa nacho nilipomwuliza.

Nilipompigia simu alisema nimeviharibu kwa kuvishika, kana kwamba sisi bado ni watoto wa kuogopa kwamba tukimgusa vunjajungu tutavunja vyungu. Tangu siku hiyo hapatikani, ila jirani yangu amemwona stendi akipanda gari la Urambo, na boksi ni lile lile.