EMAS: kitanda cha zege mwisho wa njia ya ndege. Kizuri, lakini si breki

Kabla uwanja haujanunua EMAS, ujiulize kwanza ni ndege gani zinazotua pale. EMAS ni vitalu vya zege nyepesi yenye vipovu, vinavyopangwa nje ya mwisho wa njia. Ndege iliyoshindwa kusimama ikiingia, zege inapondeka, magurudumu yanazama, kasi inakatika. Kwa kawaida husanifiwa kusimamisha ndege inayoingia kwa noti 70, karibu kilomita 130 kwa saa, na hesabu yake hufuata uzito wa ndege zinazotumia uwanja huo. Kitanda kikipimwa kwa Boeing 747, ndege kubwa, kindege chepesi huenda kisizame vya kutosha.

Kazi yake imeonekana. Pale uwanja wa JFK, New York, kilidaka MD-11 ya mizigo Mei 2003, kisha 747 ya mizigo Januari 2005.

Ila hakitibu ndege iliyochoka. Chukua tairi peke yake. Kwenye njia iliyotuama maji, noti ambazo tairi huanza kuelea ni mara 9 ya kipeuo cha pili cha shinikizo la upepo wake kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba). Tairi ya psi 196 huelea kuanzia noti 126; fundi akiiacha ishuke hadi 144, itaelea mpaka noti 108, na muda wote huo breki hazina pa kushika. Ongeza kihisi kibovu cha kuzuia gurudumu kujifunga: tairi inasagika sehemu moja hadi nyuzi zinatokeza, kisha inapasuka. Rubani naye akitua na kasi iliyozidi kwa asilimia 10, nguvu ya kumezwa na breki imepanda asilimia 21. Ndege ya namna hiyo huweza kutoka njiani ikiwa juu ya noti 70, na hapo kitanda kitaipunguza tu.

Wala uzee si kisingizio cha kila ajali. Brussels, Mei 2008, injini ya 747-200 ya mizigo ilimeza kozi. Wakakatisha kuruka wakiwa wameshapita kasi ya maamuzi, ambayo ukiizidi hupaswi tena kukatisha. Ndege ikapitiliza na kukatika vipande vitatu. Wote 5 walipona.

Matunzo yanachosha: viungio vya vitalu vikaguliwe, maji yasipenye, na vilivyopondwa vibadilishwe, havirudi hali yake. Rubani aliyeingia aendelee kufunga breki, ashike mstari wa kati, na akisimama asijaribu kujitoa kwa injini.

Pasipo na nafasi, ndipo kinapolipa. Goma, lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia mwaka 2002. Aprili 2008 DC-9 ya abiria ikapitiliza upande wa pili, ikaingia mitaa ya Birere. Penye mita 240 tupu za usalama baada ya njia, mimi ningeanza na matairi na breki.