Mtego wa ndoo ya njano kwa nzi wa maembe: unamkamata nani, unamwacha nani

Ndoo hii ndogo ya plastiki, kitako cha njano na kifuniko kinachopitisha mwanga, inauzwa katika maduka ya pembejeo Mombasa kwa sifa moja: itundike mwembeni, funza kwisha. Ndoo yenyewe ni nzuri na inafanya kazi yake sawasawa. Sifa ndiyo isiyo ya kweli, na mwenye miembe akiiamini peke yake atavuna ngowe na boribo zilizooza ndani ilhali mtego umejaa nzi pomoni.

Sababu iko kwenye kivutio. Kipande kinachoning'inia ndani kimelowa methili eujenoli, mafuta ya harufu ambayo kwa asili yamo pia kwenye majani ya mrihani. Dume la nzi wa maembe huyafuata kutoka mbali, huyala, na mwilini mwake huyageuza kuwa harufu ya kumvutia jike. Jike hana haja nayo. Na jike ndiye anayedunga embe na kutaga mayai chini ya ganda. Kwa hiyo ndoo iliyojaa imejaa madume, na dume mmoja aliyenusurika hupanda majike wengi. Usipoyamaliza karibu yote, mayai yataendelea kutagwa kama kawaida.

Hakikisha mwenyewe. Mimina nzi kwenye sahani nyeupe na uwatazame mwangani. Nzi wa maembe ana ukubwa unaokaribia nzi wa nyumbani, lakini amejengeka kama nyigu. Mgongo ni mweusi au wa hudhurungi, umepakana na mistari miwili ya njano ubavuni, na mwishoni mwa mgongo kuna kibao cha njano. Tumboni kuna alama nyeusi yenye umbo la herufi T. Mabawa ni angavu, yana ukanda mwembamba mweusi kwenye ukingo wa mbele. Kisha tazama mkia: jike ana mwiba wa kutagia, dume mkia wake ni butu. Katika mtego huu utaona mikia butu karibu yote.

Nzi huyu si wa asili ya hapa. Barani Afrika aligunduliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, hapa hapa Pwani ya Kenya, na watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi. Hakulingana vizuri na spishi zilizokuwa zinajulikana, hasa kwa vile rangi ya mgongo wake hubadilika sana kutoka nzi mmoja hadi mwingine. Mwaka 2005 Drew, Tsuruta na White walimwandika kuwa spishi mpya, Bactrocera invadens, kwa vielelezo vya Afrika na Sri Lanka. Miaka kumi baadaye, 2015, ushahidi wa maumbile, vinasaba, harufu za kupandana na uwezo wa kuzaliana ulionyesha kuwa ni yule yule Bactrocera dorsalis wa Asia, aliyeelezwa na Hendel mwaka 1912. Mnunuzi aliye mbele ya kaunta afahamu kwamba kivutio kilichoandikwa invadens na kilichoandikwa dorsalis vinamlenga nzi mmoja, na hakuna sababu ya kulipa zaidi kwa jina. Ila pakiti yenye jina la zamani huenda imekaa rafuni muda mrefu. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi.

Wapo nzi wasiojali kabisa kivutio hiki. Ceratitis cosyra, nzi wa maembe wa asili ya Afrika mwenye mabawa yenye mabaka ya njano, hatakuja. Wa matango, matikiti na maboga, Zeugodacus cucurbitae, anahitaji kivutio kingine kinachoitwa kyu-luwa. Usiweke vivutio viwili ndani ya ndoo moja, wala usivihifadhi kwenye kopo moja. Harufu zikichanganyika, hesabu yako haitakuwa na maana.

Tukija kwenye ndoo yenyewe, matundu yake yana upana wa kutosha na mpini wa waya ni imara. Kinachotangulia kuharibika ni kifuniko: jua hukikausha, kikapasuka ukingoni pale kinapobana. Anayetaka kupunguza gharama anaweza kutumia chupa ya maji ya lita moja na nusu. Toboa matundu manne ya upana wa sentimita 2 kwenye theluthi ya juu, ning'iniza kivutio kwa waya katikati, na chini toboa kitundu kidogo cha kutolea maji ya mvua. Chupa hukamata vizuri tu. Kinachostahili pesa yako ni kivutio, na hapo ndipo ubora hutofautiana. Pakiti iwe imefungwa bila tundu. Ukiinusa dukani ikatoa harufu kali, ujue nguvu imekwisha kuanza kuvuja. Kibandiko kiwe na namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu, na kiseme wazi kama dawa ya kuua imo ndani ya kipande au inauzwa kando. Wauzaji wengine husahau kulitaja hilo, na mteja huishia na mtego ambao nzi huingia, hula, huondoka. Kama dawa haimo na huitaki karibu na watoto, weka maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo chini ya ndoo, bila kutoboa kitundu cha chini, na uyabadilishe kila wiki.

Kutundika kunaharibiwa na wengi. Weka ndoo ndani ya kivuli cha mwembe, kimo cha mita 2 hadi 4, majani yakiwa karibu lakini yasiyazibe matundu. Isipigwe na jua la mchana. Vaa glavu unapofungua kivutio. Mafuta yakishika nje ya ndoo, nzi watatua nje na kubaki huko. Paka grisi kwenye waya, kwa sababu maji moto, wale sisimizi wekundu wa mwembeni, wakiingia watabeba nzi waliokufa na utadhani mtego haukamati. Maji moto wenyewe usiwaue, maana huwafukuza majike wasitage. Ni walinzi bora wa mwembe, ingawa mkwezi hatakubaliana nasi. Kivutio hubadilishwa kila baada ya wiki 4 hadi 6. Mahali penye joto na upepo mkali wa bahari, fuata wiki 4.

Kwa kuchunguza, mtego mmoja kwa ekari unatosha. Kwa kupunguza madume, mitego kumi kwa ekari si mingi, na uanze kabla maembe hayajakaribia kukomaa. Mtego mmoja nyuma ya nyumba ya Kisauni au Likoni, majirani wakiwa hawana mtego, utakusanya madume ya mtaa mzima na usipunguze funza hata kidogo. Kumbuka pia kwamba nzi huyu hategemei embe peke yake. Mkungu umejaa viwanjani na kwenye nyua za shule, na kungu ni chakula chake. Mapera na maembe ng'ong'o vilevile. Msimu wa maembe ukipita anahamia huko.

Faida kubwa ya mtego ni hesabu, na hii ndiyo sehemu ambayo karibu hakuna muuzaji anayeieleza. Kila wiki hesabu nzi, gawanya kwa idadi ya mitego mara idadi ya siku. Mitego 4 ikikamata nzi 560 kwa siku 7, ni 560 kugawanya kwa 28, yaani nzi 20 kwa mtego kwa siku. Andika kwenye daftari. Tarakimu ikianza kupanda wiki mbili mfululizo, majike nao wameongezeka, na kazi ya kweli lazima ianze. Anayetaka kuuzia wasafirishaji alizingatie daftari hili: Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda, ikarejea 2021.

Kazi ya kweli ni chambo cha protini. Jike anahitaji protini ili mayai yakomae, kwa hiyo atakula chambo kilichochanganywa na dawa. Humu nchini kipo kinachotengenezwa kwa mabaki ya hamira ya kiwanda cha bia. Nyunyiza takriban mililita 50 kwa mti, eneo la mita moja ya mraba tu, upande wa chini wa majani, bila kulowesha matunda. Anza maembe yakiwa na ukubwa wa zaidi kidogo ya sentimita moja, rudia kila wiki hadi mavuno yaishe, na mvua ikinyesha baada ya kunyunyiza, rudia siku inayofuata. Duka linalokuuzia ndoo bila hata kukutajia chambo hiki limekuuzia nusu ya dawa.

Nusu nyingine haiuzwi popote: maembe yaliyoanguka. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, funza hula kwa wiki moja na zaidi, kisha hujirusha nje na kuwa pupa sentimita chache chini ya udongo. Kwa joto letu, yai hadi nzi mzima ni takriban wiki 3 hadi 4. Okota maembe yaliyoanguka angalau mara mbili kwa wiki. Kuyafukia shimo la kina kifupi ni sawa na kumtandikia funza kitanda. Kina kiwe zaidi ya nusu mita. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2017, kwa hiyo usiyafungie humo; kama hufukii, lundika maembe juani, yafunike kwa nailoni nzito nyeusi ya ujenzi, na uzike kingo zake zote kwa udongo ili nzi wasipate pa kutokea. Usiwape mbuzi au kuku yakiwa yamebaki chini tangu juzi, kwani funza wengi watakuwa wameshaingia ardhini.

Mwenye miembe miwili mitatu uani, asiye na muda wa kunyunyiza kila wiki, asinunue ndoo hii kwanza. Anunue nailoni, na embe litakalobaki mtini alifunge mfuko wa karatasi mapema likiwa bado kijani gumu. Mwenye ekari na kuendelea anunue ndoo, kivutio cha akiba, chambo cha protini na daftari siku moja, kutoka duka ambalo muuzaji wake anaweza kujibu swali hili bila kusitasita: dawa ya kuua imo ndani ya kipande hiki, au iko wapi?