Matairi ya pikapu kwa barabara za Uganda: lipi la kwanza, lipi uliache dukani

Kutoka Kampala hadi Kabale ni lami tupu, zaidi ya kilomita 400. Ukiiacha lami kupanda Ruhija, pembezoni mwa msitu wa Bwindi, ndipo udongo unapoanza: mwekundu, wa kona nyingi, na mvua ya mwezi wa nne ikishaupiga unateleza kama uliopakwa sabuni. Wanaonijia kuuliza tairi la kununua hunisimulia habari za Ruhija peke yake. Zile kilomita 400 hawazitaji. Lakini ndizo zinazolila tairi, na ndizo wanazokimbia 100 kwa saa, watoto wakiwa kiti cha nyuma na mvua ikinyesha Lyantonde.

Nimeendesha pikapu na Land Cruiser kwa kazi miaka mingi, nikipeleka mizigo Kasese, Kisoro, Nakivale na Karamoja. Orodha hii nimeipanga kwa mtu mwenye gari moja, fedha ya seti moja ya matairi, na safari zinazochanganya lami, murram (barabara ya udongo mwekundu wenye kokoto) na matope. Kama wewe hutoki Kampala, au hushuki shambani, nenda moja kwa moja kwenye namba inayokuhusu.

1. A/T yenye herufi LT

A/T ni tairi la njia zote. Kashata zake, yaani vipande vya mpira vinavyogusa barabara, ni kubwa kuliko za tairi la lami, lakini zimekaa karibu karibu, na kila kashata imekatwa mikato midogo midogo. Mikato hiyo ndiyo inayoshika lami yenye maji, na ndiyo inayoshika murram iliyolowa juu huku chini ikiwa ngumu kama saruji. Barabara nyingi za vijijini kwetu ziko hivyo wakati wa mvua: matope ni ya vidole viwili, chini yake pagumu. Hapo hakuna kina cha kuchimba. Panahitaji ncha nyingi za mpira zinazogusa chini kwa pamoja, na A/T inazo.

BFGoodrich wanatengeneza A/T tangu 1976. Yokohama wana Geolandar A/T, Toyo wana Open Country A/T, General wana Grabber AT. Yoyote kati ya hizo, ikiwa mpya na halisi, itakufaa. Mimi siumizwi sana na jina. Ninachokitazama ni herufi LT mbele ya saizi, yaani tairi lililojengwa kwa ajili ya gari la mizigo, na namba ya uzito inayofuata saizi. Tairi la 265/65R17 lililoandikwa 112 linabeba kilo 1,120. La saizi hiyo hiyo la LT lenye 120 linabeba kilo 1,400. Tofauti hiyo imo ndani, kwenye kuta za pembeni, na kuta ndizo zinazochanwa na mawe makali. Sijawahi kupoteza tairi kwa kutobolewa juu kwenye kashata nikashindwa kuliziba, ila kwa kuchanika ubavuni nimepoteza matatu, na yote yalikuwa ya kawaida, si ya LT.

LT ina gharama yake. Gari likiwa tupu utaruka zaidi kwenye mashimo, na inadai upepo mwingi kidogo kuliko tairi la kawaida ili kubeba uzito ule ule. Kama hubebi chochote zaidi ya familia na mabegi, A/T isiyo ya LT inatosha, na mama watoto atakushukuru.

Kuhusu saizi, mpira wa 265/70R16 una kimo cha milimita 777 hivi. Wa 265/65R17 una 776. Kwa jicho ni tairi moja. Lakini lile la rimu ya 16 lina ukuta wa milimita 185, na la 17 lina 172. Ukuta mrefu unanyumbuka juu ya jiwe kabla rimu haijagonga. Ukipata rimu za 16 zinazokaa vizuri kwenye gari lako, chukua hizo. Ila usilipe kabla ya kuijaribu rimu tupu kwenye kitovu cha mbele na kuizungusha kwa mkono, maana kwenye magari mengine breki ni kubwa na rimu ya 16 inagusa.

2. 7.50R16 yenye tyubu, kwa Land Cruiser ya kazi

Mtu wa mjini huliona tairi hili jembamba akadhani ni la zamani. Mwenye Land Cruiser ya mizigo anayelala Kaabong au Isingiro ndani anajua thamani yake. Ni refu, ni jembamba, linakata matope ya juu na kufika chini pagumu badala ya kuelea. Na likipata pancha, fundi wa boda wa kijiji chochote atalifungua kwa vyuma viwili, atoe tyubu, azibe, arudishe. Tairi la kisasa lisilo na tyubu likitoka kwenye ukingo wa rimu huko, utalala hapo hapo mpaka ipatikane mashine ya kusukuma upepo kwa nguvu.

Onyo moja, na ninalisema kwa uzito. Rimu ya pete, ile inayofungwa kwa duara la chuma, imeua mafundi. Pete isipokaa kwenye mfereji wake, upepo ukijaa inaruka kama risasi. Toa upepo wote kabla ya kuigusa. Wakati wa kujaza, zungushia mnyororo tairi na rimu pamoja, au ilaze pete ikitazama chini, na asisimame mtu juu yake. Fundi akikuambia "hii nimezoea", mwombe tu kwa heshima aweke mnyororo.

3. H/T mpya

Hili ni tairi la lami. Kimya, laini, linadumu, linashika vizuri kwenye mvua. Kwa anayekwenda Jinja, Mbale, Masaka, na murram kavu ya kufika nyumbani kwa wazee, hakuna sababu ya kulipa zaidi. Ulijue tu mpaka wake: matope ya kunata yakishajaza mifereji yake, limekuwa kipara.

4. M/T

Najua nitagombana na vijana hapa. M/T, yaani tairi la matope, ni zuri kwa macho, kashata kama ngumi za mtu, na pikapu ikivishwa hizo inaonekana imeshafika mbuga ya Kidepo hata kama imeegeshwa Ntinda, mtaa wa Kampala. Na kuna mahali ambapo hakuna jingine: udongo mweusi wa Karamoja ukilowa, mashamba ya bondeni, njia za wakata mbao. Kule matope hayana chini. Tairi lazima lichimbe, na lazima lijisafishe. Nafasi zile pana kati ya kashata ndizo zinazoyatupa matope nje gurudumu linapozunguka kwa kasi.

Lakini kashata kubwa zilizoachana maana yake ni mpira mchache unaogusa chini. Kwenye lami iliyolowa, gari linachelewa kusimama. Mwaka fulani, njia ya Masaka kwenda Mbarara, nilifuatana na mwenzangu mwenye M/T mpya kabisa. Lori mbele yetu likapunguza mwendo. Mimi nilikuwa na A/T zilizokwisha nusu, nikasimama. Yeye nilimwona kwenye kioo cha pembeni: pua ya pikapu imeinama, magurudumu yamefunga, na gari bado linakuja. Alichepuka mtaroni kwa makusudi ili asinigonge. Alitoka mzima. Nilipokwenda kuyatazama matairi yake, kashata zilikuwa bado na vile vinywele vya mpira vya kiwandani.

Mvumo wake kwenye lami utausikia mpaka usingizini, na linakwisha haraka. Kama nusu ya safari zako ni matope ya kweli, lipandishe liwe la kwanza. Kama si nusu, hapana.

5. Mtumba, na lile lililochongwa

Nimeliweka la mwisho, na najua wapo wasio na uwezo wa jingine. Basi ukilazimika, tafuta duara dogo ubavuni lenye tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa kivulini. Likizidi miaka sita mimi siliweki mbele, na likikaribia kumi siliweki hata kama akiba. Kunja ukuta kwa kidole gumba: ukiona nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi, liache.

Kisha ingiza kidole ndani ya mfereji. Tairi la haki lina vituta vidogo chini ya mfereji, vya kimo cha milimita 1.6, vinavyokuonyesha lini limekwisha. Wapo wanaochukua tairi kipara na kulichonga mifereji mipya kwa wembe wa moto, kisha wanalipaka dawa nyeusi linang'aa. Kwenye tairi hilo hutaona vituta, na kingo za mifereji zitakuwa zimekatwa kwa mkono, hazilingani. Chini ya mchongo huo umebaki mpira mwembamba kama kadi, halafu nyaya. Usilinunue hata likiwa bei ya soda.

Rimu na nati zake

Kwa vijijini nachagua rimu ya chuma. Ikigonga jiwe inapinda, na fundi anainyoosha kwa nyundo. Ya alumini inapasuka, na ufa hauna nyundo. Zile rimu pana zinazotokeza tairi nje ya bodi sizishauri: zinaelemea beringi na usukani, na kila tope litapanda mlangoni.

Kilichowahi kuniponza ni nati. Nilinunua rimu za alumini za Toyota zilizotumika, nikapeleka kwa fundi wa mjini nisiyemjua, akazifunga kwa nati zilizotoka kwenye rimu zangu za chuma. Baada ya mwendo wa saa moja nikaanza kusikia *tok, tok* upande wa kushoto nyuma. Nikadhani ni kokoto. Niliposhuka, nati mbili zilikuwa zinazunguka kwa vidole, moja haipo, na matundu ya rimu yamekuwa mayai. Mzee mmoja fundi wa barabarani alishika nati, akaigeuza, akaniambia: "Mwanangu, hizi si zake." Nati ya rimu ya chuma ina ncha iliyochongoka kama pia, inakaa kwenye tundu lenye mteremko. Rimu zile za alumini zinataka nati yenye shingo na washa bapa. Ukinunua rimu, dai na nati zake, na kaza tena baada ya kilomita 50.

Upepo na mguu

Kabla hujaongeza fedha ili upande daraja kwenye orodha hii, nunua geji nzuri na pampu ndogo ya betri ya gari. A/T iliyopunguzwa upepo inapita mahali ambapo M/T iliyojaa imekwama. Nimeliona hilo njia ya Katunguru kwenda Ishasha, zaidi ya mara moja, malori yakiwa yamenasa pande zote mbili.

Kwenye lami fuata kibandiko cha mlangoni, na ukipakia nyuma ongeza kama kinavyosema. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa sababu joto la mwendo hupandisha paundi kadhaa. Murram kavu yenye mikunjo kama bati, shusha hadi paundi 26 au 28. Gari litaacha kutetemeka na kashata hazitamegwa na kokoto. Matope, 20. Mchanga mzito, kama ule wa mto Kidepo wakati umekauka, 16 hadi 18. Gari lenye mzigo lipe zaidi kidogo kila mahali. Ukishashuka chini ya 20 usizidi 40 kwa saa wala usikate kona kwa ghafla, la sivyo tairi litabanduka kwenye rimu.

H4, yaani nguvu kwenye magurudumu yote manne kwa gia za kawaida, iingize kabla ya matope, si baada ya kunasa, na itoe ukifika lami kavu. Pikapu nyingi hazina namna ya kuruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuachana mwendo kwenye kona, na ugumu huo unaishia kwenye difu. Ndani ya matope usiachie mafuta wala usikanyage kwa hasira. Gurudumu likianza kuzunguka bure, tikisa usukani kushoto na kulia kidogo kidogo ili kuta zishike kingo za njia. Likiendelea kuzunguka bure, acha. Kila sekunde unajichimbia. Rudi nyuma juu ya alama zako, punguza upepo zaidi, jaribu tena. Na beba kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, kwa sababu jeki bila ubao inazama kabla gari halijanyanyuka.

Kushuka kutoka Ruhija mvua ikiwa imenyesha, tumia L4 (magurudumu yote manne kwa gia nzito), gia ya kwanza, mguu mbali na klachi, breki uziguse kama unagusa yai. Mkia ukianza kutangulia, kanyaga mafuta kidogo, si breki, na gari litanyooka. Ukifika lami, simama pembeni kabla ya kushika mwendo, toa pampu, rudisha upepo kwenye matairi yote manne. Ni dakika ishirini hivi, na muda huo huo chungulia ndani ya kashata: jiwe lililokwama leo ndilo pancha ya Mbarara.